Maneno ya Misi katika Msitu wa Kashebere

Watu wa Kashebere waliomfahamu Généreuse katika miaka ya hamsini wanamkumbuka kwa uoga wake. Akisikia viatu vya askari barabarani, aliacha mchi ndani ya kinu, akaingia nyumbani na kusukuma mlango. Mtoto wa jirani akija na neno geni alilookota kwa mwalimu au kwa dereva wa kamio, yaani lori, mama huyo alikumbuka ghafla kwamba ana kuni za kutafuta. Wanawake wenzake walimcheka sana. Wapo hata waliokuwa wakikanyaga kwa kishindo nyuma yake makusudi, wapate kumwona akiruka. Utani mwingine hauna adabu. Hao hawakumwona siku ile ya kambi, na laiti wangemwona wangeona haya kumkanyagia ardhi namna ile.

Uoga wenyewe ulitokana na maneno ya Kiingereza, tena maneno madogo ya kila siku, ambayo mtoto wa Kiingereza huyajua kabla hajamaliza kuota meno.

Alipokuwa msichana aliwekwa kazini kwa muuguzi mmoja Mwingereza, Mprotestanti, aliyekuwa na zahanati ndogo kwenye vilima vya upande wa Masisi. Watu walimwita Misi, basi. Kazi ya msichana ilikuwa kuosha vyombo, kuchemsha maji na kukunja bendeji. Misi alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, na kilipomwishia alirudi kwenye lugha yake bila hata kujua kwamba amerudi. Hapo msichana alilazimika kumsoma kwa macho: mkono umeonyesha wapi, uso umekunjwa vipi, kikombe kimekwenda kwa nani. Neno “come” lilikuja na vidole vinavyoita, akajua ni njoo. “Wait” lilikuja na kiganja kilichoinuliwa, akajua ni subiri. “Quiet” lilikuja na kidole juu ya midomo wakati mgonjwa amelala, akajua ni kimya. Hayo hayakumpa taabu.

“Sorry” ndilo lililomsumbua. Mwanzoni alidhani ni pole yetu, na siku alipomwona Misi akihangaika na ndoo nzito alimwambia “sorry” kwa moyo wote. Misi akaweka ndoo chini na kumuuliza amevunja nini. Ilimchukua muda msichana kuelewa. Sisi pole tunampa yeyote mwenye taabu, hata kama taabu hiyo hatukumletea sisi, hata kama ni jembe tu alilobeba begani. Ile ya Misi ilitoka zaidi pale Misi mwenyewe alipomkanyaga mtu mguu, au alipomchoma mtoto sindano na mtoto akalia. Mwenye kosa ndiye aliyeitoa. Msichana akaiweka kichwani hivyo.

“Please” alilikosea kabisa, na kosa hilo akaishi nalo miaka. Misi alilitia mbele ya kila agizo: please lete maji, please funga mlango, please kimbia umwite Papa wa yule mtoto. Kwa msichana aliyelelewa katika nyumba ambamo baba akitaka maji alisema maji, neno lile lilikuwa ndilo fimbo ya amri yenyewe. Likitoka tu, watu wanakimbia. Basi kwake yeye maana yake ikawa: haraka, sasa hivi, usizubae! Wala hakuna aliyemsahihisha, maana kila alipolisikia alikimbia, na Misi alifurahi.

Kabla ya vita Misi alirudi kwao na zahanati ikafungwa. Msichana naye akarudi Kashebere, pale barabara inapotoka kwenye milima ya Masisi na kuanza kuingia msitu wa Walikale. Akaolewa na Isidore, mwindaji wa wavu, na mapadri wakambatiza jina la Généreuse. Isidore alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Wavu alioufuma yeye haukuhitaji kurudiwa na mtu.

Sasa, wawindaji wa huko walikuwa na desturi yao. Ukishaingia msituni, kitu hakiitwi kwa jina lake la nyumbani. Ukisema wavu, mnyama amesikia. Ukisema mbwa, amesikia pia, na ameshaondoka. Kwa hiyo walikuwa na maneno ya msituni, waliyorithi kwa baba zao. Lakini ukafika msimu mmoja mbaya, nyavu zikarudi tupu kila zilipokwenda, na Gustave, kaka mkubwa wa Isidore na kiongozi wa wawindaji, akatoa hukumu yake: wanyama wameshayazoea maneno, yatafutwe mengine.

Jioni hiyo Isidore alimgeukia mkewe, aliyekuwa akiosha masufuria na kujisemea vineno vyake vya zamani.

“Mama, ile maneno ya muzungu wako, nipatie.”

“Utafanya nayo nini?”

“Nyama hawakusoma kwa Misi.”

Généreuse alicheka mpaka akakaa chini. Akampa. Akamfundisha kwa mikono, kama Misi: kiganja juu, kidole midomoni, vidole vinavyoita. Akamweleza na matumizi, lini neno linasemwa na nani anayelisema. Katika kinywa cha Isidore maneno yakageuka kidogo, yakawa kamu, weti, kwayeti, plizi na sori, na hivyo ndivyo yalivyokwenda msituni. Weti iliwashika watu waliojificha nyuma ya nyavu. Kwayeti ilisemwa pale majani yanapotiwa ndani ya kengele za mbao zinazovaliwa na mbwa shingoni, zisilie njiani. Kengele zikishazibuliwa na mbwa wakiachiwa kushambulia, watu wote walipiga ukelele mmoja: plizi! Na sori ilipata mahali pake panapoistahili kabisa. Aliyeua alipiga goti karibu na mnyama na kuisema mara moja, kwa sauti ya chini, kwa kuwa kosa ni lake.

Nyama ikapatikana msimu ule, hata ya kukausha na kuwauzia wapita njia. Gustave akaja mwenyewe kwa Généreuse.

“Mama, kuanzia leo ile maneno iko ya msitu. Usiyaseme tena hapa kijijini. Na mwindaji akiyasema mbele ya muntu asiye mwindaji, wavu yake italala.”

Wavu kulala maana yake unatundikwa ukutani na hautunduliwi tena, na mwenyewe hatembei tena na wenzake msituni. Huko Kashebere mwanaume wa namna hiyo hana mbele wala nyuma. Généreuse aliitikia. Aliona ajabu kidogo kunyimwa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, lakini hakubisha, kwa sababu mbele ya Gustave hakuwa na nguvu ya kubisha. Miaka ya ndoa ilikuwa imekwenda na mtoto hakuonekana. Gustave hakuficha: alikuwa akimsukuma mdogo wake aoe mwingine, na huyu arudishwe kwao. Isidore hakumwambia mkewe anajibu nini. Généreuse naye aliogopa kuuliza, asije akajibiwa.

Ndipo ukaja mwaka wa arobaini na nne na uasi wa Kitawala. Watu wa dini hiyo walihubiri kwamba utawala wa Wazungu wa Ubelgiji unafikia mwisho, na ilijulikana kwamba mafundisho yao yalitoka mbali kusini, kwenye vitabu vya Kiingereza. Uasi ulizimwa kwa bunduki. Baada ya hapo askari walisambaa katika nchi ya Masisi na Walikale wakitafuta waliobaki, na uvumi ukasambaa mbele yao. Fulani amekutwa na karatasi ya Kiingereza, amechukuliwa. Fulani amekutwa amekaa porini na wenzake, amechukuliwa. Waliochukuliwa walipelekwa uhamishoni, mahali ambapo hakuna aliyejua jina lake wala upande wake, na wake zao waliendelea kuwapikia siku mbili tatu kwa mazoea, kisha wakaacha.

Généreuse alisikia, akalinganisha. Maneno ya Kiingereza, wanaume wamekaa porini: mumewe alikuwa na yote mawili.

“Isidore, muache ile maneno,” alimwambia.

“Maneno iko ya msitu. Basoda watayasikia wapi?”

Askari waliyasikia humo humo msituni. Doria moja ilikuwa ikipita kwenye njia ya wawindaji, ikiongozwa na sajini aliyeitwa Sebarenzi, aliyekuwa amepigana Abisinia bega kwa bega na askari wa Waingereza. Alisikia watu wasioonekana wakiitana vichakani: weti, weti. Akainua mkono, askari wakalala chini. Kisha ikapigwa plizi kwa vinywa vyote, kengele zikalipuka, mbwa wakatoka kama maji, na sajini akapiga risasi hewani. Wawindaji wakatoka mbio kila mtu na njia yake. Isidore peke yake alibaki, kwa kuwa mbwa wake Makelele alikuwa amenasa kwenye wavu na alikuwa anamfungua. Walimkuta amepiga magoti. Wakamfunga yeye, mbwa akawafuata.

Gustave ndiye aliyeleta habari, miguu imechanwa na miiba. Généreuse alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

“Unaenda wapi?” Gustave akauliza.

“Kambini. Nitawaambia ile maneno ilitoka wapi.”

“Utasema maneno ya msitu mbele ya basoda? Wewe mwanamuke?” Gustave alimsogelea. “Sikia. Isidore atanyamaza, najua. Ukiyasema, wavu yake italala. Hata akirudi, atakuwa si muntu tena. Na wewe hautabaki kwa nyumba yake, mimi mwenyewe nitakurudisha kwenu.”

“Na wakimuchukua?”

Gustave alitazama miiba yake miguuni. Tusimlaumu kupita kiasi: naye alikuwa amekimbia akamwacha mdogo wake, na jambo hilo lilimla ndani. Lakini siku ile alimtisha mwanamke ambaye tayari alikuwa anatetemeka, na hilo halikuwa la kiume.

Généreuse alitoka. Njia nzima kutoka Kashebere kupanda kuelekea milima ya Masisi, hofu ilimjia kutoka pande mbili. Akinyamaza, Isidore anapelekwa. Akisema, Isidore anarudi akiwa amevunjwa, na atamchukia maisha yake yote. Mara kwa mara alisimama, akajidanganya kwamba anafunga kitenge upya. Alimwomba Mungu wa mapadri, na alipoona haitoshi akamwomba na wa Misi, ingawa aliambiwa ni mmoja.

Kambi ilikuwa juu ya kilima kilichofyekwa, mahema na ghala moja la mabati. Kando ya ghala watu waliofungwa walikaa juani wakiwa wameelekea ukutani, na kimya chao kilimtisha kuliko bunduki. Alimtambua Isidore kwa mgongo. Shati lilikuwa limeshikana na ngozi kwa damu iliyokauka. Makelele alikuwa amelala karibu naye, kengele shingoni.

“Unatafuta nani?” Sajini Sebarenzi alikuwa ameshamfikia.

“Bwana yangu. Isidore wa Kashebere.”

“Ule bubu? Tumemuuliza kwa mudomo, tumemuuliza na kwa fimbo. Hajasema hata jina ya mama yake. Kesho kamio inakuja kuwabeba wote.”

Généreuse alikuwa amejiandaa kusema polepole, kwa mpango, lakini sasa yalimtoka yote pamoja: “Ile maneno ndo mimi nilimufundisha! Hana makosa. Iko maneno ya kuwinda tu.”

Sebarenzi akamshika mkono na kumpeleka mbele ya hema la luteni. Luteni alikuwa Mbelgiji kijana mwenye macho mekundu kwa homa. Alikaa kwenye kiti cha kukunjwa, na sajini akawa mkalimani wake.

“Nani alikufundisha Kiingereza?”

“Misi.”

“Misi iko wapi?”

“Alirudi kwao mbele ya vita.”

“Vitabu alikuachia viko wapi?”

“Hakuna, bwana. Mimi sijui kusoma.”

“Na wewe ulifundisha watu gani?”

Hapo Généreuse aliona shimo lililo mbele ya mguu wake. Akitaja wawindaji, Kashebere itabaki ya wanawake. “Bwana yangu peke yake,” alisema.

Luteni alisema kitu kifupi. Sebarenzi akageuza: “Sema yote, moja moja, na maana yake.”

Alimtazama Isidore. Naye alikuwa amegeuza shingo na kumtazama, na kichwa chake kilitikisika kidogo sana: hapana. Généreuse alisema neno la kwanza. Isidore akafumba macho.

Akaendelea tu, kwa kuwa sasa kurudi nyuma hakukuwa na faida kwa yeyote. Kamu, mtu aje. Weti, mtu asubiri. Kwayeti, mtu anyamaze. Sori, mwenye kosa anaomba asamehewe. Sajini aliitikia kwa kichwa kila moja, ndiyo, ndiyo, kama mwalimu mkaguzi. Alipofika kwenye plizi, Généreuse alieleza alivyoamini siku zote:

“Plizi iko amri kali. Mbwa akimbie haraka, akamate.”

Sebarenzi alipasuka kicheko, akajipiga paja. “Amri? Mama, ile Waingereza banasema wakiomba! Kwa heshima! Kapiteni yao alikuwa ananiambia plizi hata akitaka kiberiti.”

Généreuse hakuelewa mara moja. Kisha akamwona Misi akisimama mlangoni mwa zahanati miaka ile yote, akimwomba maji, akimwomba afunge mlango, akimwomba, msichana mweusi wa kuosha vyombo. Uso ukamwaka kwa aibu na kwa kitu kingine ambacho hakuwa na nafasi ya kukifikiria.

Luteni hakucheka. Alitaka aambiwe kinachochekesha, na alipoambiwa akazidi kukunja uso. Maneno ya Kiingereza, yaliyopewa maana nyingine, yanayopigiwa kelele porini na watu waliojificha, na mwalimu wao ni huyu aliyesimama hapa. Kwake yeye huko kulikuwa kukiri.

“Luteni anasema ndiyo maneno ya siri hayo,” Sebarenzi alisema, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. “Anasema, kama ni ya mbwa, mbwa si ule pale? Umuite.”

Généreuse alimgeukia Makelele. Alimlisha mbwa yule kwa mkono wake tangu alipokuwa mtoto. “Kamu,” alisema. “Makelele, kamu.”

Mbwa aliinua sikio moja. Alimtazama, akaona ni mama wa jikoni, akarudisha kichwa juu ya miguu. Maneno yale hakuwahi kuyasikia kwa mwanamke, wala mahali palipofyekwa. Aliita tena, akainua kiganja, akaonyesha kwa vidole. Sauti ilimtoka nyembamba, ikakatika. Makelele alifumba macho kulala.

Luteni aliinuka kitini. Alisema maneno mawili na kuelekeza kidole kwenye ghala. Sebarenzi alichukua kamba, na Généreuse akaona kwamba sajini mwenyewe hakuipenda kazi ile, lakini alikuwa anaifanya. Alimshika kifundo cha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Généreuse hakulia. Alikuwa anafikiri jambo moja tu, kwamba ameyatoa maneno bure, wavu umelala bure, na sasa wote wawili wanakwenda.

“Weti!”

Sauti ilitoka kando ya ghala, imekauka, imepasuka. Makelele alisimama kama aliyechomwa na moto. Hata askari walisimama. Isidore alikuwa ameinuka, mikono imefungwa nyuma, anayumba. Mtu aliyepigwa fimbo siku nzima bila kufungua kinywa alikuwa amekifungua.

“Kamu.” Mbwa aliruka hadi miguuni pake, kengele ikilia. “Kwayeti.” Mbwa akalala tumbo chini, kengele ikanyamaza kabisa. Isidore alitazama huku na huku, akamwona jogoo wa luteni akichakura kando ya hema, jogoo mnono mwekundu aliyeachiwa atembee kwa madaha kambi nzima. Akamwelekezea kidevu.

“Plizi!”

Palitimka vumbi na manyoya. Jogoo alitoa sauti moja, hakutoa ya pili. Askari mmoja aliguna kucheka, akajiziba mdomo alipomwona luteni. Makelele akauleta mzoga hadi miguuni pa Isidore na kuuweka chini, mkia ukipiga ardhi.

Isidore alipiga goti. Pengine hakukusudia, pengine goti lenyewe lilizoea. Aliinama juu ya jogoo, mikono yake ikiwa imefungwa, na mbele ya watu wote wale akasema kwa sauti ya chini: “Sori.”

Luteni akauliza. Sebarenzi akajibu kwa Kifaransa, naye hakuwa anacheka: anaomba samahani kwa jogoo, bwana. Luteni alimtazama yule mtu na jogoo wake kwa muda mrefu. Kisha akakaa, akafuta jasho la homa, akatikisa mkono kama anayefukuza inzi.

Sebarenzi aliwafungua. “Muende,” aliwaambia haraka, kwa chini. “Na ile maneno, hata moja, isisikike tena. Ikisikika, luteni anasema kamio itawafuata nyumbani.”

Walishuka kilima. Isidore alitangulia, akichechemea, mbwa nyuma yake, Généreuse nyuma ya mbwa. Mtu angedhani sasa hofu imekwisha. Haikwisha, ilihama tu. Isidore hakugeuka, hakusema neno. Généreuse aliutazama mgongo ule uliochanika na kuhesabu aliyoyafanya: ameyatoa maneno ya msitu, na mume naye akalazimika kuyatoa kwa ajili yake. Wavu umelala. Gustave atakuwa amekaa mlangoni anawangoja. Mke asiye na mtoto, sasa na hili. Alitamani Isidore amtukane. Alitamani hata ampige, ajue amesimama wapi.

Walipofika kwenye kijito karibu na barabara, Isidore alikaa juu ya jiwe na kutia miguu majini. Généreuse akachota maji kwa jani la mgomba, akaanza kulowesha shati ili libanduke kwenye ngozi.

“Nisamehe,” alisema. “Nimelalisha wavu yako.”

“Mimi mwenyewe nimelalisha.”

“Gustave anasema atanirudisha kwetu.”

Isidore aliuma meno kwa maumivu ya shati. Kisha akasema, bila kumtazama: “Ulisema maneno ngapi kwa luteni?”

“Yote. Yote nilikufundisha.”

“Hapana. Iko moja ulibakisha. Na mimi nilibakisha.”

Généreuse alidhani ni hila, alidhani ni neno baya zaidi, lililofichwa, ambalo kamio itakuja kulifuata. “Gani? Isidore, sikukufundisha ingine!”

“Hukunifundisha. Nililisikia kwako.” Sasa alimgeukia. “Kule msituni hatutaji majina ya wanawake wetu. Bibi ya muntu haitwi kwa jina yake, nyama wasimujue. Kila muntu anachagua neno. Wewe, nikikumiminia pombe ya kasikisi ndani ya kikombe, unainua mukono, unasema inafu. Kila siku. Hata haujui kama unasema.”

Ni kweli, hakuwa anajua. Hilo lilikuwa la mezani kwa Misi, “enough”, pale maziwa yanapofika ukingo wa kikombe: inatosha, usiongeze. Lilimganda mdomoni bila yeye kulihesabu kuwa ni neno.

“Ndo jina yako kule,” Isidore alisema. “Miaka yote. Gustave akiniambia nioe mwingine, tuko kwa nyavu, siwezi kusema mengi. Namujibu tu ile jina yako.”

Généreuse alikaa chini kwenye matope ya kijito. Alilia kwa sauti sasa, kilio chote alichokizuia kambini, na Makelele akaja kumnusa uso. Alipoweza kupumua tena, alisimama, akapanda ukingo na kutazama barabara, juu na chini. Hakukuwa na askari, hakukuwa na mpita njia. Akarudi kwa mumewe, akainama karibu na kinywa chake, na kumwomba alirudie, polepole.